Taarifa zako binafsi na simu yako hapa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara vijiweni, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye foleni za kurudisha laini. Hayakupangwa kwa uzito. Yanayogusa pesa yamepewa nafasi kubwa kwa sababu ndiko watu wanakoumia zaidi. Utaona jambo moja linajirudia: kwa mtu wa kawaida wa Igoma, Kirumba au Nansio, taarifa hazichukuliwi na mdukuzi aliyejifungia chumbani ng'ambo. Zinatoka kaunta, kwa watu tunaowasalimia kila siku, na mara nyingi tumezitoa kwa mkono wetu wenyewe.

"Taarifa binafsi" ndiyo nini hasa? Si jina na namba tu?

Ni chochote kinachoweza kumfanya mtu ajue kwamba huyu ni wewe. Jina, namba ya simu, mahali unapoishi, umri, kabila, dini, alama za vidole, namba ya kitambulisho, cheti cha hospitali, picha. Sheria ya Tanzania inazitenga baadhi kama taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada: afya, alama za kibayometria kama vidole na sura, taarifa za watoto, na hata miamala yako ya fedha. Hiyo ya mwisho watu wengi hawaitarajii, tutairudia.

Chukua namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, zimeandikwa hivyo hivyo bila kufichwa. Anayeiona namba yako ya NIDA ameshajua siku yako ya kuzaliwa. Sasa jiulize ni wangapi wanaotumia mwaka wa kuzaliwa kama namba ya siri ya pesa za simu. Kama ni wewe, acha kusoma kwanza, kabadilishe, halafu urudi.

Hivi kuna sheria kweli, au ni maneno ya kwenye semina?

Ipo. Haki ya faragha imo kwenye Katiba, ibara ya 16. Juu yake ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024.

Kwa ufupi, anayekusanya taarifa zako anapaswa kukueleza anazitaka za nini, achukue zile tu anazozihitaji, azitunze vizuri, na asizitumie kwa shughuli nyingine. Wewe una haki ya kuuliza ana nini chako, kutaka makosa yarekebishwe, kukataa kutumiwa matangazo, na kudai fidia ukiumizwa. Adhabu si za mzaha: kwa anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria kuna faini au kifungo, na kwa kampuni faini inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Lakini tuseme ukweli. Sheria bado changa, na ofisi nyingi hazijaizoea. Ukimuuliza mlinzi wa getini kwa nini anataka namba yako ya NIDA, atakujibu "ndiyo utaratibu". Haki unayo, ila kwa sasa itabidi uitumie kwa mdomo wako, kwa upole na bila kuchoka.

Msajili wa laini aliniambia kidole hakijasoma, nikaweka tena na tena. Kuna shida?

Inawezekana kabisa. Huo ni mchezo wa zamani wa baadhi ya wasajili wanaokaa chini ya mwavuli barabarani: kidole cha kwanza kinasajili laini yako, cha pili kinasajili laini nyingine isiyo yako, na hiyo ya pili inauzwa kwa mtu anayetaka kutapeli bila jina lake kuonekana. Siku moja polisi wanafuatilia namba iliyotapeli mtu Shinyanga, jina linalotokea ni la mama anayeuza nyanya Buhongwa.

Usajili kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019 ili kila laini iwe na mwenyewe. Kwa hiyo laini iliyo kwenye jina lako, wewe ndiye mwenyewe mpaka uikane. Bonyeza *106# na ufuate maelekezo; utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho duka la mtandao husika, useme namba hii si yangu, ifungwe. Usiridhike na "tutaifanyia kazi". Angalia tena *106# baada ya siku chache.

Na kama ni lazima usajili laini mpya, fanya dukani, si juani. Kidole kikigoma mara ya kwanza, omba uone kioo cha simu anayotumia kabla ya kuweka mara ya pili. Ni haki yako. Atakayekasirika kwa ombi hilo amekujibu tayari.

Steshenari wananiambia "nitumie kwa WhatsApp nikuprintie". Ni salama?

Hapa ndipo mahali panapovuja kuliko pote Mwanza, na hakuna anayepasema. Zunguka maeneo ya vyuo, kuanzia Nyegezi hadi Malimbe, wakati wa kuomba mikopo ya elimu ya juu. Kila kibanda kina simu moja au kompyuta moja, na ndani yake kuna vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, picha za pasipoti, NIDA za wazazi, namba za akaunti za benki. Maelfu ya kurasa. Hakuna anayefuta. Mwenye kibanda si mwizi, ila kijana anayemsaidia wiki hii si yule wa wiki ijayo, na kompyuta yenyewe huenda haina nywila.

Njia zilizo nzuri zaidi, kwa kadiri uwezo unavyoruhusu:

Nenda na nyaraka kwenye flashi, zifunguliwe kutoka kwenye flashi hiyo hiyo, usikubali zinakiliwe kwenye kompyuta. Kama flashi huna, tuma kwa WhatsApp, lakini ukishachapiwa ufute ujumbe kwa "kila mtu" na uombe faili lifutwe kwenye folda ya vilivyopakuliwa pia, kisha kwenye pipa la taka la kompyuta. Simama pale akifuta. Kuna anayeona aibu kusimama, usione.

Ukiingia barua pepe au akaunti ya maombi kwenye kompyuta ya watu, usikubali ile alama ya "kumbuka nywila", na utoke kabisa kabla ya kuinuka. Kufunga dirisha tu hakukutoi. Ukifungua WhatsApp yako kwa kuskani kwenye kompyuta yao na kuondoka bila kutoka, mazungumzo yako yote yanabaki yakisomwa pale kwenye kiti. Dawa yake iko kwenye simu: fungua menyu ya WhatsApp, ingia Vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokitambua.

Kopi ya kitambulisho unayomwachia mtu yeyote, iandike juu yake kwa kalamu imetolewa kwa kazi gani na tarehe gani. "Kwa ajili ya kupanga nyumba, Mabatini, Machi 2025." Kopi hiyo haiwezi kuombea mkopo vizuri.

Wakala wa pesa anaandika jina langu na namba yangu kwenye daftari. Naweza kukataa?

Wakala ana sababu ya kuweka kumbukumbu, kwa hiyo usigombane naye. Kibaya ni daftari kulala wazi kaunta, kila anayesubiri anasoma fulani ametoa laki nane leo asubuhi. Mwambie ageuze ukurasa au alifunge. Mawakala wengi wakielezwa wanaelewa, kwa sababu hata wao hawapendi wateja wao kufuatwa na vibaka wakitoka.

Namba ya siri ibonyeze mwenyewe. Hata kama macho hayaoni vizuri, njoo na mtoto au mjukuu unayemwamini.

Nikimtumia mtu meseji ya muamala kama ushahidi wa malipo, nakosea?

Isome vizuri kabla ya kuituma. Meseji nyingi za pesa za simu zinamalizia na salio lililobaki. Mtu amelipia dagaa wa elfu hamsini sokoni Mwaloni, amemtumia muuzaji skrini shoti, na muuzaji sasa anajua kuwa kwenye simu hiyo kumebaki milioni mbili na kitu. Bei ya gunia la pili itakuwaje?

Kwenye makundi ya michango ya harusi na misiba ni balaa zaidi. Meseji inarushwa kwa watu mia mbili, yenye jina kamili, namba, kiasi, namba ya kumbukumbu ya muamala na salio. Tapeli akiwa kwenye kundi, na huwa yupo, atakupigia kesho akikutajia muamala wako neno kwa neno, na utaamini anatoka kampuni ya simu. Kata picha, uache jina, kiasi na namba ya kumbukumbu tu, na umtumie mweka hazina peke yake. Mweka hazina naye anaweza kuandika majina na kiasi bila namba za simu. Harusi itafana vile vile.

Amenipigia mtu wa huduma kwa wateja, anajua jina langu lote. Si ina maana ni wa kweli?

Haina maana hiyo. Mtu yeyote akianza kukutumia pesa, kabla hajamaliza, menyu inamwonyesha jina lililosajiliwa kwenye namba yako. Anasitisha, haikumgharimu senti. Sasa ana jina lako la kwanza hadi la mwisho na anakuita "Mheshimiwa".

Kampuni za simu zinawapigia wateja kwa namba 100. Anayekupigia kwa namba ya kawaida yenye tarakimu kumi na kujiita huduma kwa wateja, mkatie. Huna haja ya kumfokea wala kumchezea. Mazungumzo marefu ndiyo chakula chake. Meseji za aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii" zitume kwenda 15040 pamoja na namba iliyozituma, ili namba hiyo ifuatiliwe na kufungwa.

Na kitu kimoja hakuna mfanyakazi halali atakayekuuliza: namba ya siri, au ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwa meseji. Akiomba "nisomee tu hiyo namba iliyoingia", ujue wakati huo anajaribu kuingia kwenye akaunti yako na amebakiza hatua hiyo moja.

WhatsApp yangu imechukuliwa, inaomba pesa kwa ndugu zangu. Nifanyeje?

Fanya haraka, kwa mpangilio huu. Fungua WhatsApp kwenye simu yako na usajili namba yako upya. Utaletewa meseji yenye tarakimu sita. Ukiiingiza, aliyekaa kwenye akaunti anatolewa. Kama alishaweka namba yake ya uthibitishaji wa hatua mbili, utasubiri siku saba ndipo uingie bila hiyo namba, lakini naye hatakuwa ndani. Wakati huo huo pigia ndugu wawili watatu wenye midomo mikubwa, waseme kwenye makundi yote kwamba namba imeibwa. Njia ya shangazi ina kasi kuliko njia ya kampuni.

Ukiirudisha, weka uthibitishaji wa hatua mbili siku hiyo hiyo. Upo kwenye Mipangilio, Akaunti. Ni namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe, tofauti na ile ya meseji. Weka na barua pepe yako, maana ukisahau ndiyo itakayokuokoa. Ukiwa hapo, ingia Faragha, uchague nani anaona picha yako na nani anaruhusiwa kukuingiza kwenye makundi. Wengi wetu tuko kwenye makundi ya "fursa" ambayo hatukuyaomba.

Nilikopa kwenye programu ya simu. Sasa wanawapigia bosi wangu na mama mkwe. Wamezipata wapi namba zao?

Kwako. Siku unaweka programu, iliuliza ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu, ukabonyeza "ruhusu" kwa sababu hela ilikuwa inahitajika jioni ile. Ikachukua orodha yote na kuihifadhi kwao. Ndiyo maana kufuta programu leo hakurudishi kitu, namba zilishaondoka.

Google ilizuia programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za simu kuanzia Mei 31, 2023. Wakopeshaji wakorofi wakahamia kwenye mafaili yanayotumwa kwa linki, nje ya duka. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa hiyo kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Mtaani tunajua riba za kausha damu. Hizi za simu zina ukali ule ule, zimeongeza na aibu.

Kama umeshaingia: deni halifutiki kwa sababu umedhalilishwa, lakini kudhalilishwa nako si sehemu ya mkataba halali. Tunza meseji zao, rekodi za muda wa simu, picha walizosambaza. Waambie watu wako mapema, kabla hawajapigiwa, kuwa namba zao zilichukuliwa bila ridhaa. Aliyeambiwa mapema hashtuki. Kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Benki Kuu, ambayo ina tawi lake hapa hapa Mwanza.

Bosi wako na mama mkwe nao wana haki ya kulalamika kwa majina yao. Wao hawakukopa, wala hawakubonyeza "ruhusu".

Fundi anataka nywila ya simu ili abadilishe kioo. Nimpe?

Kwa kubadilisha kioo au betri, haihitajiki kwa kazi yenyewe. Inahitajika kujaribu tu, na kujaribu mnaweza kufanya wote mkiwa mmesimama hapo. Kama simu lazima ilale kwa fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu, toka kwenye akaunti za pesa na benki, na picha za faragha zihamishe. Simu nyingi za kisasa zina sehemu ya folda iliyofungwa au hali maalumu ya matengenezo. Tafuta kwenye mipangilio.

Simu unayoiuza, irudishe ilivyotoka kiwandani, lakini kwanza ondoa akaunti ya Google, la sivyo mnunuzi atakusumbua kila siku akuombe nywila.

Mimi ni mvuvi. Nikiwa kambini simu inachajiwa kwa mtu. Kuna hatari gani?

Swali zuri, na majibu ya kwenye mitandao hayaligusi. Kwenye visiwa vya mbali kama Ilugwa au Goziba, simu inakaa kutwa kwenye kibanda cha kuchaji, imepangwa pamoja na nyingine thelathini, wakati mwenyewe amelala baada ya usiku wa giza ziwani. Simu isiyofungwa ni pochi iliyoachwa wazi.

Funga skrini kwa namba. Halafu funga na laini yenyewe kwa namba ya siri ya laini, iliyo kwenye mipangilio ya usalama ya simu, hata ya kitochi. Mtu akiihamishia laini yako kwenye simu yake, itamwomba namba hiyo. Angalizo: ukiikosea mara tatu laini inajifunga mpaka upate namba ndefu iliyo kwenye kadi uliyonunulia laini. Kadi hiyo iache nyumbani.

Jambo jingine ni ukimya. Wewe ukiwa maji mengi bila mtandao, mtu aliye na taarifa zako anaweza kujaribu kuirudisha laini yako kana kwamba imepotea, na wewe hutajua mpaka mbalamwezi isimamishe uvuvi na wewe urudi. Dalili ni simu kuandika "hakuna huduma" mahali ambapo wenzako wana mtandao. Ukiona hivyo, azima simu na upige 100 papo hapo. Mauzo ya msimu mzima yasikae kwenye laini ya simu; yahamishie benki, au kwenye laini ya pili inayobaki nyumbani na ambayo hakuna mteja anayeijua.

Laini usiyoitumia kwa muda mrefu nayo hufungwa, kisha namba huuzwa kwa mtu mwingine. Kama namba hiyo ya zamani bado imeandikwa benki au kwenye Facebook, namba za uthibitisho zitakuwa zinamwendea yeye.

Simu yangu imeibwa stendi. Nianze wapi?

Laini kwanza, simu baadaye. Piga 100 kutoka simu ya mtandao huo huo uifunge laini na akaunti ya pesa. Ijulishe benki. Kwenye simu ya jirani au kompyuta, ingia akaunti yako ya Google, itafute au uifute simu kwa mbali, na ubadilishe nywila. Chukua taarifa ya upotevu polisi, kisha ukarudishe laini. Namba ya utambulisho ya simu yenyewe inapatikana ukibonyeza *#06#, ila ibonyeze leo ukiwa nayo, uiandike mahali.

Kuna tangazo la ajira mgodini Geita, wanataka vyeti, NIDA na ada ya usaili. Nitume?

Usitume ada, na kabla ya hapo usitume vyeti. Mwajiri wa kweli hatozi pesa ili akusaili. Kinachosahaulika ni kwamba hata usipotoa ada, tapeli ameshapata mzigo: jina, NIDA, vyeti, picha na namba. Tafuta tangazo lenyewe kwenye tovuti ya kampuni au kwenye mfumo wa ajira wa serikali. Lisipokuwepo huko, halipo.

Nina kitochi tu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, ukiondoa WhatsApp.

Mwenzi wangu anataka nywila ya simu yangu. Nisipompa ina maana namficha kitu?

Hilo ni la nyumbani kwenu na hakuna sheria itakayowapatanisha. Ila tofautisheni vitu viwili. Kuonyeshana simu kwa hiari ni makubaliano. Kuiskani WhatsApp ya mtu akiwa usingizini na kuisoma kwenye kompyuta, au kumwekea programu ya kumfuatilia, ni kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haikuweka msamaha kwa wenye ndoa. Wengi hapa hawaamini mpaka wasikie kwa wakili.

Ukiwa na wasiwasi, angalia Vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp yako.

Picha za watoto, niache kabisa kuziweka?

Si lazima. Epuka sare yenye jina la shule, uso na jina kamili kwa pamoja. Shule zinazorusha picha za wanafunzi kwenye kurasa zao zinapaswa kuwa na ridhaa ya mzazi. Uliza kwenye kikao.

Wifi ya bure na VPN je?

Wifi ya hotelini au ya maduka si mbaya kama inavyosemwa, kwa sababu programu nyingi sasa husimba mawasiliano yake, yaani huyafunga yasisomwe njiani. Usiingie benki humo, basi. VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwa kampuni nyingine, inamfichia mtoa huduma wako unachotembelea, na kumwonyesha mwenye VPN. Ya bure inalipwa na kitu, na kitu hicho huenda ni wewe. Ujue pia kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitaka watumiaji wa VPN wazitolee taarifa kwao, kwa hiyo usiichukulie kama jambo lisilo na sheria.

Basi bora nidanganye jina kila mahali?

Hapana, na mfano wake tunao hapa ziwani. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kwa hakika walikuwamo wangapi. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na limewatoa wengi majini, lakini kwenda Ukerewe na Ukara bado ni chombo. Kwenye tiketi ya meli, weka jina lako halisi na namba ya ndugu atakayepokea simu. Hospitali pia. Jina la uongo kwenye faili la Bugando linaweza kukupa damu isiyo yako.

Pa kudanganya, kama ni lazima, ni kwenye fomu za bahati nasibu na "jaza ushinde".

Nikiumizwa, nilalamike wapi?

Taarifa zilizotumiwa au kutolewa vibaya: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anza kwa kumwandikia aliyekosea na uhifadhi nakala, ili ionekane ulimpa nafasi. Mambo ya laini na huduma za simu: mtandao wako kwanza, wakishindwa TCRA. Wizi, vitisho, picha za faragha kusambazwa: polisi, dawati la makosa ya mtandao, ukiwa na skrini shoti zenye namba na tarehe. Usifute mazungumzo kwa hasira. Huo ndio ushahidi wenyewe.

Mimi ndiye mwenye steshenari. Na sheria inanibana?

Inakuhusu, kwa sababu unakusanya na kushika taarifa za watu, hata kama duka ni la mbao. Jisajili Tume kama mkusanyaji na mchakataji, hilo ni takwa la sheria. Mengine ni kazi ya jioni moja: weka nywila kwenye kompyuta, fungua namba ya WhatsApp ya kazi, tofauti na yako, uwashe ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, kila unapofunga duka, safisha folda ya vilivyopakuliwa na pipa la taka, kopi zilizoharibika zichanwe, zisifungiwe maandazi. Kisha bandika ukutani, kwa maandishi makubwa: "Tunafuta faili lako ukiwa hapa." Mteja akisahau kuuliza, mkumbushe wewe.